Nyuki wa Baba

Nyuki wa kwanza niliwakuta nikifagia. Walikuwa wachache mlangoni, miguu imekunjwa tumboni, na mmoja bado alikuwa akizunguka kwa mgongo kama pia ya mtoto inayoishiwa nguvu. Niliwafagia pamoja na majivu, nisimwambie mtu.

Asubuhi iliyofuata walikuwa wengi zaidi. Niliwakuta ndani ya karai la maji, juu ya kuni, na kwenye mikunjo ya koti la baba, ambalo lilikuwa limening'inia msumarini, halijavaliwa tangu alipochukuliwa. Niliwatazama kwa karibu. Kila mmoja alikuwa ametoa ulimi.

Tulikuwa na mzinga mmoja tu. Kwetu kwa zamani baba alikuwa na mingi, imetundikwa mitini, na kila mmoja ulichongwa alama yake kwa kisu, mistari miwili na duara, ili mwizi asiseme ni wake. Serikali ya mkoloni ilipotangaza hali ya hatari, baba alipakiwa kwenye lori pamoja na wanaume wengine wa kilima chetu, akapelekwa kambini, kizuizini. Baadaye sisi tuliobaki tukaamriwa kuhamia kijiji kipya karibu na Gatongora. Nyumba zetu zilichomwa, na mizinga pia. Mama aliokoa mmoja. Aliuziba kwa matambara, akaubeba mgongoni kama mzigo wa kuni, nyuki wakinguruma ndani. Kwetu mwanamke hagusi mzinga, lakini mwanamume wa kuugusa hakuwepo.

"Akirudi atataka asali ya kuwapikia wazee pombe," mama alisema, akautundika chini ya paa, nyuma ya nyumba.

Akirudi. Neno hilo lilikuwa la kila siku. Tangu lori lile liondoke hatukuwa tumesikia kama yu hai.

Siku hizo wanawake wote wa kijiji walikuwa wakichimba handaki la kukizunguka kijiji, na homgadi, mlinzi aliyewekwa na serikali, akiwasimamia na bunduki. Jirani yetu mmoja, mwenye mdomo, alimtania mama pale shimoni.

"Nyuki wenu wanalewa wapi siku hizi? Nimemkuta mmoja amelala mlangoni kwangu kama mume wangu siku ya mshahara!"

Wanawake walicheka, na mama akacheka nao. Aliyenyamaza ni cucu, mama yake baba, ambaye tuliishi naye. Aliokota nyuki mmoja kwenye udongo, akamlaza kiganjani.

"Nyuki hawafi hivi hivi," alisema. "Humfuata mwenyewe."

Kicheko kilikatika. Hapakuwa na mtu shimoni asiyejua maana yake: mwenye mzinga akifa, nyuki wake hawabaki. Jirani yule aliinama akachimba kwa bidii hata homgadi akamshangaa.

"Mama, nyuki si posta," mama alijibu kwa sauti ya chini. "Hawaleti habari kutoka kambini."

"Na posta yenyewe imekuletea nini?"

Mama alishika jembe, akarudi kuchimba.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na shamba la kahawa la mzungu. Mvua zilikuwa zimenyesha na kahawa imechanua, kilima kizima cheupe, na trekta ilikuwa ikipita katikati ya mistari ikimwaga dawa. Upepo ukigeuka tuliisikia harufu yake mpaka kwenye ugali. Jioni moja mama alisema labda ni dawa ile. Cucu alimtazama.

"Na dawa ya kahawa ndiyo iliyochagua koti la mwanangu?"

Mpaka leo sijui ni nini kilichowaua. Najua tu kwamba baada ya swali hilo mama hakutaja dawa tena.

Mzinga ulinyamaza wiki ile ile. Mama aliubisha kwa vifundo vya vidole, akaweka sikio, akabisha tena. Kisha akaketi chini palepale, na nyuki waliokufa wakashikamana na nguo yake. Sikupata kumwona akilia kabla ya siku hiyo. Cucu alileta wembe na maji kwenye kopo, akamnyoa kichwa kama mjane anavyonyolewa, polepole, huku mwenyewe akilia. Akamaliza akaniita mimi. Kichwa changu kilikuwa baridi sana. Koti la baba alipewa mzee mmoja asiye na nguo.

Nywele zetu zilikuwa zimeanza tu kuota baba aliposimama kwenye lango la kijiji.

Alikuwa amekonda, na kila alipotaka kusema alikohoa kwanza. Tulikuwa tukitoka mtoni na maji. Alimtazama mama kichwani, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa hofu:

"Nani amekufa? Ni mama?"

Mama alisimama na debe mgongoni, maji yakimmwagikia. Mimi ndiye niliyesema, mimi nisiyependa kusema mbele ya watu.

"Ni wewe, baba."

Mtu aliyekwisha kuliliwa hapaswi kuingia nyumbani mpaka achinjiwe mbuzi, kifo kiondolewe. Mbuzi wetu walikuwa wamechukuliwa na serikali. Baba aliingia hivyo hivyo, maana saa ya kutotoka nje ilikuwa imekaribia na homgadi alikuwa akipiga firimbi. Cucu alimlilia mwanawe kwa furaha, lakini hakumgusa mkono, na hakula tena katika chungu kimoja naye. Baba aliuteremsha mzinga, akaipapasa alama yake, akaupasua uwe kuni.

"Mlinilia sana?" alimwuliza mama siku moja, akiwa ameketi juani.

"Sana."

"Basi machozi hayo yametosha. Nikifa usinyoe."

Kikohozi kile hakikupona. Tulimzika nje ya handaki, na mama hakunyoa wala hakulia mbele za watu. Wanawake wa kijiji walisema ana moyo wa jiwe. Nilimshika mkono, tukarudi nyumbani, nikachukua ufagio nikafagia mlango.