Siku Mado Alipowika

Enzi zetu kuku alikuwa mtu wa nyumbani. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliokulia Goma juu ya mawe meusi ya volkano, mkachubua magoti kwa kuruka kamba, mkashuka ziwani kuteka maji na bidoni za njano kabla ya shule, mkarudi mkala maharagi ya jana yaliyopashwa moto. Ninyi mnajua. Kuku alikuwa na jina, alikuwa na kikapu chake jikoni, na akichelewa kurudi jioni watoto walitumwa kumtafuta yeye kwanza, kabla ya kutafutana wenyewe. Watoto wa leo wanakula mapaja ya friji yaliyovuka bahari ndani ya katoni, na ukiwauliza kama wamekula jogoo au kuku mwanamuke, wanakutazama kama umewauliza kabila la sabuni.

Kwetu ilikuwa Mabanga, nyumba ya mbao, ua wa mawe makali ambayo kuku peke yao ndio walioyapenda, kwa sababu wadudu walijificha katikati yake. Papa alikuwa dereva wa lori, Muislamu wa ukoo wa Maniema, na mara nyingi tulimjua zaidi kwa harufu ya mazutu, mafuta ya lori, kwenye shati lake kuliko kwa sauti. Mama yake, Koko, alitoka Kasongo zamani akifuata biashara ya vitenge, na tuliishi naye. Mama yangu alikuwa mtoto wa Bukavu, Mkatoliki aliyesilimu kwa ajili ya ndoa. Koko hakusema hata siku moja kwamba hampendi. Alimwita tu "wewe wa Bukavu", mwaka baada ya mwaka, kama mtu anayetaja anwani ili mzigo usikose kurudi ulikotoka.

Mado aliletwa na Mama. Alimpata kwa mama mmoja wa Kibumba aliyeteremka na kabichi na karoti, wakabadilishana: kitenge kilichovaliwa kidogo kwa temba, yaani kuku kijana ambaye bado hajaanza kutaga. Nilikuwepo. Mama alimgeuza yule kuku juu na chini, akampuliza manyoya ya tumbo, akasema ni mwembamba. Mama wa Kibumba akagusa kitenge, akasema kimepauka. Walitukanana kwa adabu mpaka wakachoka, kisha wakapatana.

"Huyu njo wa mayai," yule mama aliapa. "Mwaka moja, utanitafuta kwa kunishukuru."

Basi tukampa jina la kike, Mado, na tukaanza kungojea mayai. Kila tukitoka shule tulitia mkono katika kikapu chake, mimi kwanza, halafu mdogo wangu, halafu mimi tena, maana mkono wa mdogo wangu sikuuamini. Hakukuwa na kitu. Lakini ni nani angemshuku? Alikuwa na madoa ya kahawia kama kuku wengine wa kike. Mkia wake ulikuwa mfupi na wa duara, bila yale manyoya marefu ya kupinda ambayo jogoo anatembea nayo kama chifu. Shingo yake haikung'aa. Na jogoo wa jirani yetu Mama Sifa, shetani mkubwa mwekundu aliyekuwa akiruka ukuta na kuwatoa damu majogoo vijana wa avenue nzima, alipomfikia Mado alishusha bawa, akacheza kwa upande, akamwita aje kula punje. Mado alikwenda, akala, akarudi zake. Tulimcheka Mado kwamba amepata mchumba.

Ilikuwa Ijumaa, mchana. Papa alikuwa njia ya Kisangani, mvua imeshika, na mnajua barabara ile enzi zile: lori likizama kwenye tope, dereva aliweza kuoa hapo hapo kabla halijatoka. Hatukuwa na simu. Habari ya Papa ilikuja na madereva wengine. Koko alikuwa anatawadha nje, birika mkononi, Mado akapanda juu ya jiwe mbele yake, akanyoosha shingo, akawika. Hakuwika vizuri, ilikuwa kama mlango wenye kutu. Lakini aliwika.

Koko aliweka birika chini.

Desturi mnaijua, hata kama mnajifanya mmeisahau. Kuku mwanamuke akiwika, anachinjwa siku ile ile kabla jua halijazama, kwa sababu anamwitia kifo mwenye nyumba. Na wengine wanaongeza kwamba nyumba ile mke amempanda mume kichwani.

"Mumesikia?" Koko alisema. "Kuku mwanamuke anawika mu nyumba ya mutoto wangu, na mutoto wangu iko mu barabara. Zaina, kimbia, uite Muzee Ramazani." Nikakimbia.

Muzee Ramazani ndiye aliyechinjia watu wa avenue yetu. Alikuja na kisu chake kimefungwa kitambaa, akamkamata Mado kwa mbawa, akatafuta upande wa kibla. Hapo Mama akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Ngojeni kwanza. Labda huyu haiko mwanamuke."

"Angalia mukia," Koko akasema. "Angalia shingo. Angalia nguo yake yote. Jogoo gani anavaa hivi?"

"Jogoo asiyetaga, Koko. Miezi yote hii, yai liko wapi?"

"Na wanawake wasiozaa nao utawaita wanaume? Wewe wa Bukavu, njo wewe ulileta hii kitu hapa."

Mama akajifuta unga mikononi, polepole. Nilimjua akichelewa hivyo sokoni. Alikuwa anatafuta mlango mwingine.

"Koko, si wewe ulituambia mupapai wa kwenu Kasongo? Ulikuwa mwanaume, wa maua tu, mulikuwa munataka kuukata. Mwaka moja ukatoa matunda. Kuna mutu alikufa?"

"Mupapai hauwiki," Koko akajibu.

Muzee Ramazani alicheka mpaka kisu kikashuka. "Mimi ninachinja tu, sihukumu," alisema. "Mupatane kwanza. Siwezi kushika huyu kuku mpaka magharibi."

Na walipatana. Mimi leo ninauza vitenge, nimesikia mapatano ya kila aina, lakini kama yale sijasikia. Mama aliomba muda: Mado afungiwe na kuku mmoja, mayai yaatamiwe, na kama vifaranga vitatoka, basi Mado ni baba na kuwika ni kazi yake. Koko, mfanyabiashara wa Kasongo, hakununua kitu bila kukigeuza.

"Kuku zako zote zimeisha kutembea na yule jogoo wa Mama Sifa. Watoto watakuwa wa nani? Unaniona mimi wa jana?"

Akaleta temba wake mwenyewe, mweusi, aliyemlea chumbani kwake kwa kuogopa mwewe, ambaye hajawahi kuona jogoo. Mado na huyo mweusi wangefungiwa jikoni. Ufunguo angeshika Koko, umefungwa kwenye ncha ya kitenge chake.

"Na mayai yakioza?" Koko aliuliza.

"Muzee Ramazani atarudi," Mama akasema. "Na mimi nitapanda boti ya Bukavu. Nitangoja kwa mama yangu. Papa Zaina akirudi, kama ananitaka, atakuja kunichukua."

"Na watoto?"

"Watoto wanabaki."

Alisema hivyo nikiwa nimesimama pale. Tangu saa ile sikumtazama tena Mado kama mchezo. Nilimtazama kama mtu anavyomtazama daktari anayetoka chumbani.

Tulipika nje, mvua ikinyesha kwenye sufuria ya sombe, majani yetu ya muhogo. Temba mweusi alianza kutaga, Koko akayachukua mayai yake moja moja kwa mikono miwili, akayaweka chini ya kuku mzee aliyekuwa akiatamia, yake ameyatoa kwanza, palepale jikoni. Mimi nilitega sikio mlangoni. Ndani, Mado aliwika kila asubuhi, akiboresha sauti. Kila akiwika, Koko alifunga macho, midomo ikitembea, na Mama akaendelea kufagia kama hajasikia.

Mayai yalikuwa karibu kuanguliwa, ndipo akaja dereva mmoja, matope mpaka magotini. Alisema malori yamekwama mbele ya Beni, na moja limepinduka kwenye mteremko. La nani, hakujua. Alikunywa chai yetu bila kutuangalia.

Habari katika Mabanga haihitaji miguu. Mama Sifa alikuja amejifunga kitenge vibaya. "Koko, chinja leo," alisema. "Chinja sasa, labda mutoto wako atapona. Unangoja nini?"

Koko alikuwa ameketi mbele ya mlango wa jikoni na tasbihi yake. "Nilipatana naye," alisema.

"Unapatana juu ya maisha ya mutoto?"

"Mama Sifa, rudi kwako. Jogoo yako iko nafukuza watoto."

Alipoondoka, Mama alikuja akapiga magoti. Sijawahi kumwona hivyo kabla, wala baadaye. Sauti yake haikuwa na bei tena.

"Koko, nipe ufunguo. Tumuchinje. Nimeshindwa mimi."

Nilidhani Koko atafurahi. Alimtazama muda mrefu.

"Unaogopa," alisema.

"Ninaogopa."

"Na mimi ninaogopa. Yule ni mutoto wangu mbele ya kuwa bwana yako. Lakini ukivunja leo, boti ya Bukavu inakungoja. Njo ile unataka?"

Mama akatikisa kichwa.

"Basi keti. Mayai yamebakiza siku kidogo. Kama Mungu ameisha kumuchukua, hangojei kuku."

Wakaketi wote wawili mbele ya mlango ule, mvua mbele yao. Baadaye Koko alisogea kidogo kwenye gunia alilokalia, Mama naye akapata nafasi.

Vifaranga vilianza kulia ndani ya maganda asubuhi moja, kabla ya shule. Koko alifungua mlango, akainama, akamnyanyua kuku mzee huku akimuomba radhi. Mayai mengine yalikuwa yameoza, harufu ilitutoa machozi. Lakini vifaranga vilikuwepo, vimelowa, vibaya, vinasimama na kuanguka. Koko alivihesabu. Akavihesabu tena. Halafu alimgeukia Mado, aliyekuwa juu ya gogo la kuni na nguo zake zilezile za kike, akamtazama kuanzia kishungi mpaka kucha.

"Ni baba wa watoto," alisema. "Anavaa vibaya tu."

Alikwenda mwenyewe kwa Muzee Ramazani kumwambia asije. Mama aliingia jikoni, akawasha moto, akapika uji, na alipokuwa anaukoroga mabega yake yalitikisika. Nilijifanya natafuta kijiko.

Lori lililopinduka halikuwa la Papa. Alirudi wakati vifaranga vimeanza kuota mbawa, amekonda, ndevu kama za mtu mwingine, akauliza kwa nini jikoni kunanuka kuku namna hii. Koko alimwambia, "Bibi yako alinunua jogoo." Hakuongeza kitu. Na msidhani tangu siku ile walipendana kama mtu na dada yake. Aliendelea kumwita "wewe wa Bukavu". Lakini shangazi mmoja alipomwita Mama hivyo siku ya Idi, Koko alimuuliza kama amekuja kula au kusema.

Nimefikiri sana juu ya Mado tangu nimekuwa mtu mzima. Yule jogoo mwekundu aliwararua madume wote waliofanana na dume, na Mado akapita katikati yao, akala punje zake, akaitwa mchumba. Nguo ilimwokoa kwa jogoo, na nguo ileile ikakaribia kumwua kwa watu. Siku hizi ninajua hakuwa peke yake. Njiwa, ukiona wawili juu ya paa, kataa kuapa yupi ni mume. Kanga hivyo hivyo. Na mpapai, wenye kuupanda wanasema, unakupa majani yaleyale mpaka siku utakapotoa ua, na hata hapo unaweza kubadili mawazo. Nadhani Mungu hakuviweka hivi vitu ili tuvitambue haraka.

Nilimsimulia binti yangu habari hii. Kabla sijafika kwenye mayai alikuwa ametoa simu, akaandika, akaniambia: "Mama, wako majogoo ya hivyo, inajulikana. Mungetafuta tu." Ni kweli, wala sikubishana. Angekuwepo yeye, Mado asingefungiwa hata siku moja, Mama asingepiga magoti, nasi tungepika ndani.

Lakini mimi ninauza vitenge pale Mabanga, na vijana wanakuja kununua. Tunabishana vizuri, tunacheka, tunapatana. Nageuka kufunga mzigo, na nikirudi kijana ameona kwenye simu picha ya kitenge kingine, anasema, "Mama, nimebadilisha." Hana hofu ya chochote, hana haya, na mimi siwezi kumkasirikia, maana hakuna aliyemfundisha kwamba neno ni kitu kinachobebwa hata kikiwa kizito. Koko aliogopa vitu vingi, mpaka kuku. Aliogopa kwamba neno lake litamzika mtoto wake, akalishika hivyo hivyo, kwa ajili ya mkwe ambaye hakumpenda.