Joho la Mzee Matonya

Mwaka 2014 Dodoma ilikuwa imeshashikwa na wazimu wa simu za kupangusa. Ukimwita bodaboda aje Nzuguni haulizi tena nyumba iko wapi, anataka umrushie picha ya geti. Muuza nyama anapokea oda za maini kwa WhatsApp kabla ng'ombe mwenyewe hajajua kama leo anakufa. Shamimu, fundi cherehani wa Majengo, anapokea mishono ya Lagos, anawashonea akina mama wanaotaka kufanana na wacheza sinema. Wakishavaa wanafanana na makochi, lakini hilo si kosa la simu. Kila mtu simu ilikuwa imemwongezea mkono wa tatu. Mume wa Shamimu, Rahimu, ilimkata hata ile miwili aliyozaliwa nayo.

Rahimu alikuwa mpiga picha wa mtaani tangu enzi za filamu. Harusi, maulidi, kipaimara, hata misiba, palipo na watu waliooga na yeye yupo. Sasa harusi imejaa simu juu mpaka bibi harusi haonekani. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Rahimu hakuishia kwenye maji: alitia na sabuni, akashika wembe, akajinyoa mwenyewe. Aliichukua kamera yake akabadilishana na mwanafunzi mmoja kwa simu kubwa ya kupangusa.

"Baba Anifa," Shamimu aliuliza, "kamera iko wapi?"

"Nimebadilisha. Dunia inakwenda mbele, mke wangu."

"Haya. Na jembe nalo tubadilishe, tukalime kwa kijiko."

Siku ya mahafali ya chuo kikuu kule Chimwaga Rahimu alidamka na tumaini moja tu: leo nikipata kazi, bado mimi ni mpiga picha, nikikosa, nikatafute kubeba magunia. Akawaendea wahitimu mmoja mmoja. "Dada, picha?" Dada anamwangalia yeye, anaiangalia simu yake, anainua ya kwake ambayo ni mpya zaidi. "Kaka, kwani hiyo yako ina nini ambacho yangu haina?" Akamwendea mwingine. Jua la Dodoma likapanda, likamkalia utosini kama mkwe aliyekuja bila taarifa.

Ndipo alipoitwa na mzee mmoja mwenye koti zito la mtumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwenyi," alimsalimu kwa Kigogo. Alikuwa Mzee Matonya, mkulima wa Mlali kule Kongwa, na binti yake Ruthu alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kuvaa joho. "Mimi nataka picha ya ukutani. Ya kioo na fremu. Hizi za ndani ya simu, simu ikizima na mtoto amezimika."

Rahimu alitaka kumbusu. Ruthu akavua joho lake, akamvika baba yake, na kofia akamkalishia sawasawa, kama wahitimu wanavyowafanyia wazazi wao. Mzee aliyekuwa amejikunja kwa miaka ya jembe akanyooka. Machozi yakamtoka bila aibu. Rahimu akainama, akabonyeza. Moyoni alijua kwamba tangu aanze kazi hajapata picha kama ile.

Akawaambia wakalirudishe joho, nguo ya watu, wamkute kwa Yoramu, mwenye steshonari ya kusafisha picha mjini. Ili wasisubiri, akamtumia Yoramu ile picha kwa WhatsApp. Kufumba na kufumbua kaitwa na kundi lingine, akanyanyua simu, simu ikagoma: imejaa. Rahimu akafuta picha zote zilizokuwamo. Ile ya mzee si imeshafika kwa Yoramu? Kundi halikumsubiri, wakajipiga wenyewe, wakaondoka wanacheka.

Alipofika mjini, Yoramu alikuwa amekaa na karatasi kubwa mapajani, kanuna.

"Kaka Rahimu, hii umepiga au umepaka?"

Uso wa Mzee Matonya ulikuwa ugali uliomwagikiwa mchuzi. Joho ni doa jeusi. Machozi hayamo.

"WhatsApp imeikamua. Kwenye simu inapendeza, ukiikuza ya ukutani imekufa. Nipe ile yenyewe."

"Nimefuta."

"Umefuta?"

"Simu ilijaa, Yoramu. Ya Rabi, simu ilijaa!"

Akaipangusa simu juu, chini, kulia, kushoto, kama mtu anayemkanda maiti akitarajia atakohoa. Akampigia mtu anayemjua Chimwaga, kama joho litapatikana wapige upya: majoho yameshakusanywa, stoo imefungwa. Na mlangoni mzee na binti yake wanaingia, gari la Kongwa linaondoka alasiri.

Rahimu aliishika ile karatasi nyuma ya mgongo, kisha akaona haisaidii, akaitoa. Mzee aliipokea, akaisogeza kwenye mwanga.

"Huyu ni nani?" aliuliza, tena kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma.

Ruthu hakugomba. Alimpigia rafiki yake wa bwenini, ambaye wakati wa kuvikwa joho alikuwa kasimama ng'ambo, naye kapiga kwa simu yake. "Itume kwa imeili," Yoramu aliwahi kusema, "WhatsApp hapana!" Wakaisubiri, inashuka polepole. Ikafunguka kwenye kompyuta: mzee mzima, kanyooka, machozi yanang'aa. Mtoto wa watu alikuwa anajaribu simu tu.

Rahimu akajikuta anashika fremu ili Yoramu apime. Angalau mikono ipate kazi.

Yoramu akasogeza uso kwenye kompyuta. "Mzee, kuna mtu hapa pembeni. Kainama, kajiziba uso kwa simu. Anaharibu picha. Nimwache?"

Mzee Matonya akakaza macho. "Kwani nani huyo? Wa kwetu?"

Ruthu alitazama chini. Yoramu naye akalitambua shati la Rahimu, kidole kikabaki juu ya kipanya.

"Mpita njia, mzee," alisema Rahimu. "Mkate."

Yoramu akabonyeza.