Ampli Iliyokataa Kunyamaza

Tangu niondoke Kolwezi nimepanga vyumba katika miji mingi, na katika kila chumba kazi yangu ya kwanza ni kusikiliza ukuta. Friji ya jirani, transfoma ya barabarani, taa ndefu ya duka la chini: nikisikia mvumo silali mpaka nijue unatoka wapi. Wenye nyumba hudhani ni ugonjwa wa mafundi. Kidogo ni kweli.

Mwaka ule wa kufukuzana nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimemaliza sekondari, upande wa umeme, na kampuni ya shaba iliyowalisha baba zetu wote haikuwa inaandika mtu tena. Nilitengeneza redio barazani kwetu, pale Dilala, katika zile nyumba za kampuni zinazofanana kama matofali yake. Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa karani mmoja wa karakana. Babu yake aliletwa kutoka Kasai, mkoa wa mbali, kuchimba; yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi na kuoa Kolwezi. Sasa vijana wa mtaa, wengine niliokaa nao benchi moja shuleni, walipita na fimbo na kuwaambia watu kama yeye warudi kwao. Waliwaita bilulu, yaani wadudu. Familia nyingi zilikuwa zimeshalala gare, kwenye stesheni, kwa wiki kadhaa, zikingoja treni.

Karani yule, ambaye sote tulimwita tata, yaani baba, ndiye aliyekuwa na sinema ya nyumbani: televisheni, video, ampli nzito ya chuma ya kukuza sauti, na spika mbili za mbao zilizofika kiunoni. Jumapili baada ya misa sebule yake ilijaa. Bunduki zikianza kulia katika filamu, mke wake alikuwa anashika vikombe vya kabati kwa mikono miwili.

Ampli hiyo ndiyo aliyoitaka bwana mmoja wa gare, yule aliyekuwa anapanga nani apande wagoni gani, yaani behewa gani. Walipatana: ampli iende kwake, na watu sita wa nyumba ile wapate nafasi katika wagoni yenye paa, treni ya keshokutwa asubuhi. Lakini alipokuja kuisikiliza, ampli ikavuma. Mm, bila kupumzika, chini ya kila sauti.

"Inalia," alisema bwana wa gare. "Kesho saa kumi ntarudia. Ikilia tena, nafasi napatia bengine."

Asubuhi yake mama wa nyumba ile alikuja kwetu akipitia nyuma, kwenye nyasi. Hakukaa.

"Fundi," aliniambia, "leta bintu byako. Usipite kwa barabara."

Nilianza na kile ambacho kila fundi angeanza nacho. Ampli ikivuma, unashuku kondensa kubwa za kutuliza umeme, zilizo karibu na transfoma, kwa sababu zinazeeka na kukauka. Nilikuwa nazo mbili, za kutoa katika ampli iliyokufa. Nikafungua kifuniko, nikayeyusha risasi ya kuunganishia, nikabadilisha. Nikawasha. Mm. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu. Nikachomoa video. Mm. Nikachomoa televisheni, nikabadilisha waya za spika, nikahamia prizi nyingine, soketi ya ukuta wa pili. Mm. Tata alikuwa amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, anatazama mikono yangu. Watoto wanne walikuwa wamepangwa kwenye ukuta, kila mmoja na mzigo wake, wamevaa nguo mbili mbili.

Sisi mafundi wa mtaa tulikuwa na neno letu kwa mvumo wa namna ile. Tulilitumia tangu zamani, na jasho lilikuwa linaniingia machoni, nikalisema bila kuinua kichwa.

"Kilulu kingali mule ndani, tata."

Nilisikia neno langu mwenyewe likitembea sebuleni.

"Kimoja tu?" tata aliuliza. "Mi nilihesabu sita."

Mama akasema, "Acha mutoto atumike kazi yake." Lakini tata alikuwa amegeuza uso kuelekea dirishani, na aibu ile ndiyo iliyonifanya nianze kuharakisha.

Nilipokuwa nainamisha ampli, kiganja changu kiligusa chuma cha kisanduku, na mvumo ukashuka. Nikaondoa mkono: ukapanda. Nikarudisha: ukashuka. Nikaelewa. Ampli haikuwa na ugonjwa. Ilikosa waya wa ardhi, ule tunaouita terre, unaotoka kwenye prizi, unapita ukutani na kuzikwa udongoni nje ya nyumba. Nilitoka nyuma kuutafuta. Ukutani palibaki kipande kifupi cha urefu wa kidole, kimekatwa kwa msumeno. Waya wenyewe na fimbo yake vilikuwa vya shaba safi, na miezi ile watu walikuwa wamekwisha kung'oa shaba katika nusu ya nyumba za kampuni.

"Inataka chuma ingine mu udongo," nilimwambia tata.

"Usichimbe nje muchana," alisema. "Batakuona."

Ilikuwa karibu saa tisa. Nilichukua nondo ya dirisha lililovunjika, kipande cha waya, koleo na ndoo ya maji, nikatoka. Ningemsikiliza kama nisingekuwa nimesema lile neno.

Sijui nilisahau vipi kile ambacho mtaa mzima ulikuwa unakijua. Ilisemekana kwamba waliofukuzwa walikuwa wanazika vitu vyao uani ili warudi kuvichukua, au wanazika dawa ili nyumba imuue atakayeingia baada yao. Nami nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya nyumba ya Mkasai, namwaga maji katika shimo.

Walikuja watano. Aliyetangulia nilimjua, alikuwa ananakili mazoezi yangu ya fizikia.

"Weye. Munazika nini?"

"Hatuziki kitu. Ni terre."

"Terre gani?"

"Ya ampli. Kura inataka kuingia mu udongo." Kura ndivyo tunavyouita umeme.

Aliwageukia wenzake. "Mwasikia? Kura ya Bakasai nayo inataka udongo yetu."

Walicheka sana. Kisha akaacha kucheka. "Fukua."

Nikang'oa nondo. "Tena," alisema. Nikachimba mpaka gotini, mpaka karibu na kiuno, matope yakinishika miguu, na kila koleo lilipogonga jiwe walisogea wote pamoja kuangalia.

"Kama hakuna kitu, juu ya nini unatoka jasho hivi?"

"Juu weye unanisimamia na fimbo."

Mmoja alicheka, akanyamazishwa kwa jicho. Nikaona hakuna maneno yatakayotosha. Nilirudisha nondo shimoni, nikaishindilia udongo wenye maji, nikafunga waya. "Ingia," nilimwambia. "Sikiliza mwenyewe."

Aliingia. Mlangoni alifuta miguu kwenye mkeka, kama alivyofanya kila Jumapili, na nadhani hakujua kwamba amefanya hivyo. Mama alisema "Karibu" kwa sauti ya kawaida kabisa. Niliwasha ampli, ikakaa kimya. Nikachomoa waya: mm. Nikarudisha: kimya. Yule rafiki wa fizikia akataka kufanya mwenyewe. Alifanya mara tatu, mdomo wazi. Kisha akaweka fimbo chini, akapapasa kifuniko cha ampli kutoka upande huu hadi upande ule.

"Hii itabaki hapa," alisema. "Banaenda na nguo, basi."

Tata alisimama. Mtoto mdogo akaanza kulia, na mama akamziba mdomo kwa kanga. Hapo ndipo bwana wa gare alipoingia, kabla ya saa yake, na askari mmoja nyuma.

"Ile ni yangu," alisema, hata bila kusalimu.

Kijana aliokota fimbo yake, akatoka. Hakufuta miguu.

Bwana wa gare alikaa, akasikiliza kimya kile kwa muda mrefu. Akaandika karatasi: watu sita, namba ya wagoni. Lakini hakuipiga muhuri.

"Na kwangu?" aliniuliza. "Kwangu nako itanyamaza?"

"Itanyamaza," nilisema. Sikuwa nimewahi kuiona nyumba yake.

"Basi muhuri ni kesho, nikisha kuisikia." Askari akaibeba ampli, wakaondoka nayo.

Kesho yake, jua lilipotoka tu, alimtuma askari kunichukua. Ampli ilikuwa inavuma kwake pia. Waya wa ardhi wa nyumba yake ulikuwa umekatwa kama wa tata, na yeye hakuwa anajua. Tata alikuwa amesimama getini kwa bwana wa gare na karatasi yake mkononi. Mke wake na watoto walikuwa gare tayari, nje ya wagoni, wamekatazwa kupanda bila muhuri. Kichwa cha treni kilikuwa kimeshaanza kupiga filimbi.

Udongo wa pale ulikuwa mgumu. Nilichimba mpaka tata akaja akaninyang'anya koleo. "Weye uko na mikono ya transista," alisema. Akavua koti, akachimba, karani yule ambaye maisha yake yote alishika kalamu, na mimi nikaleta maji. Tulishindilia nondo kwa miguu yetu wote wawili, tumeshikana mabega tusianguke. Nilifunga waya. Ndani, mvumo ukakatika.

Bwana wa gare alipiga muhuri kwenye paja lake. Tata alichukua karatasi na kukimbia, akaacha koti. Hakunigeukia, wala nisingependa ageuke.

Nilitaka kumfuata. "Weye kaa," alisema bwana wa gare. "Tuone kama hairudi." Akatia kaseti, akazungusha sauti hadi mwisho, vioo vikatetemeka. Nilikaa kwenye kiti chake na matope yangu, upande wote wa kwanza wa kaseti, na wa pili. Kama treni ilipiga filimbi tena, sikuisikia. Ampli ilikuwa safi kabisa.

Nilipoachiliwa nilikwenda gare mbio. Reli ya kwanza ilikuwa tupu. Niliuliza mwanamke mmoja aliyekuwa anapika uji kati ya mizigo, miongoni mwa wale waliokuwa bado wanangoja.

"Kulikuya muzee moja," alisema, "matope mupaka magoti. Treni ilikuwa inatembea tayari. Bakamuvuta mikono."

"Aliingia?"

"Nakuambia bakamuvuta." Akakoroga uji. "Kwani weye ni mutoto wake? Nawe uko na matope."

Nilimwambia hapana, mimi ni fundi. Nilikuwa nimeshika koti la tata, na sikujua niliweke wapi.