Mjomba Alipoomba Kula

Nilikuwa nimetoka Geita, kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, nije kumsalimia mjomba siku tatu kisha niendelee na safari zangu. Nikamkuta mjomba, mkulima wa pamba, amechukua fomu ya udiwani. Nikakaa mpaka uchaguzi, na kwa mtu wa kuhamahama kama mimi hilo si dogo.

Alichokuwa anataka ni josho. Letu lilikuwa limepasuka miaka mingi, ng'ombe wanaisha kwa kupe, na kila diwani aliyepita aliahidi kulijenga.

Mpinzani wake alikuwa mfanyabiashara mwenye Kiswahili kilichonyooka. Cha mjomba ni hiki chetu cha Kisukuma, ambacho r hakina. Mkutano wa kwanza alisimama akasema, "Ndugu zangu, naomba kula zenu." Basi mpinzani akazunguka vitongoji vyote akisema yule mzee ana njaa tu, apikiwe ugali arudi shambani.

Jioni nilimkalisha nikamfundisha kutamka kura. Alijitahidi mpaka jasho likamtoka, ikatoka kula ileile. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu, akaniambia niuache ulimi wa mume wake.

Mkutano wa mwisho ulikuwa mnadani. Kabla mjomba hajafungua mdomo, kijana mmoja wa upande wa pili alipenya akamwekea mbele sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa.

"Shikamoo mzee. Kula uliyoomba hii hapa."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikatazama chini.

Mjomba aliitikia marahaba, akaomba maji, akanawa, akakaa, akala. Alitafuna taratibu, kipande kwa kipande, mpaka sahani ikawa nyeupe. Ndipo akasimama.

"Asante, mwanangu. Ya tumboni nimepata. Sasa nipeni ya kwenye sanduku. Kupe hawaulizi mtu anatamkaje."

Matokeo yalibandikwa kwenye ukuta wa shule. Alishinda kwa tofauti ndogo. Aliweka kidole kwenye jina lake, akaniomba nimsomee kwa sauti, halafu nimsomee tena.

Siku hizi naishi Bukombe, kwa sasa. Mwaka jana nilipita kwake asubuhi, nikaambiwa yuko joshoni. Nilimkuta diwani amepandisha suruali, amelowa dawa mpaka kifuani, anamsukuma makalio ndama aliyegoma kuingia majini. Nikavua viatu nikaenda kumsaidia.