Ngoma Tuliyoiingiza Kwenye Kompyuta

Kompyuta yetu ilifika Gitega juu ya magunia ya mchele, ndani ya lori lililopanda kutoka Bujumbura nyuma ya magari ya wanajeshi. Siku hizo hakuna aliyesafiri peke yake kwenye ile barabara. Mjomba wangu, aliyeuza vitenge sokoni na ambaye pembeni alikuwa na bendi ndogo ya harusi, aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akaipeleka nyumbani kwake mtaa wa Yoba, akaifunika kwa kitenge kipya, akakataza mtu yeyote kuigusa mpaka fundi aje.

Mimi nilikuwa mpiga kinanda wa bendi hiyo. Nililelewa Kigoma, kwa hiyo watu wa Gitega walinicheka Kiswahili changu, wakisema naongea kama redio.

Fundi alikuwa na chumba cha kutoa fotokopi karibu na soko. Alikuja na diski mbili za programu za muziki, ambazo majina yake yalikuwa yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Akafungua kompyuta, akachungulia tumbo lake, akatikisa kichwa.

"Mémoire ya machine ni kidogo," akasema. "Zote mbili hazitaenea. Mukiweka zote, machine inakufa. Muchague moya."

Akaweka ya kwanza. Kwenye kioo ikatokea mistari kama vilima. "Hii inakamata sauti ya watu. Anaimba, unamukamata. Anapiga, unamukamata. Akikosea, munarudilia."

Akaitoa, akaweka ya pili. Hii ilikuwa na vijumba vidogo vilivyopangwa safu kwa safu. Alipobonyeza kijumba kimoja, ngoma ililia mara moja. Akabonyeza vingine, na mdundo mzima ukaanza kutembea wenyewe, ukizunguka na kurudi. "Hii haitafuti mutu," akasema. "Unaipa pigo moya tu, inalipiga mpaka kesho. Haichoke, haiombe maji."

Mjomba alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akanigeukia. "We ndo mwenye kujua, mpwa wangu. Tuchukue ipi?"

Lazima nieleze hapa ni nani aliyekuwa akiamuliwa mambo yake siku ile, ingawa hakuwepo. Bendi yetu ilikuwa na mpiga ngoma mmoja. Alikuwa Mkongomani wa Kivu ya Kusini, mtu wa makamo, aliyekimbia vita vya kwao akaja kuangukia kwenye vita vyetu. Aliishi Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, na mkewe, ambaye aliuza unga wa muhogo; harusi ikipatikana alisafiri kuja kupiga. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imeharibika, akitembea aliyumba. Niliporudi kutoka Tanzania nilipita Muyinga, nikakuta njia ya Gitega imefungwa kwa sababu ya mapigano. Sikuwa na ndugu pale. Yule mtu alinikuta nimekaa juu ya begi langu, akaniuliza kama nimekula. Nilikaa kwake wiki tatu. Walinipa kitanda chao, wao wakalala kwenye mkeka. Na ni yeye aliyemwambia mjomba kwamba vidole vyangu vinafaa kwenye kinanda. Kabla ya hapo mjomba alikuwa ananiwazia kazi ya kubeba majora ya vitenge.

Nilimwita yaya, kama watu wa kwao wanavyomwita kaka mkubwa.

Lakini kwenye harusi hakuna aliyenitazama mimi. Yaya akianza kupiga, akina mama waliinuka wenyewe. Walimfuta jasho kwa kanga zao, walimfunga leso begani, waliita jina lake. Mimi nilikuwa "yule wa kinanda". Mwaka wa kwanza niliona fahari. Mwaka wa pili nilianza kuhesabu leso zilizo begani kwake. Kufikia siku ile ya fundi, nilikuwa na donge ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

"Ya pili," nikasema.

"Mais hii ya pili, ngoma zake ni za Wazungu," fundi akanionya. Ni kweli, zililia kama mtu anayegonga ndoo. "Itabidi mutafute mupigaji, mukamate kila pigo lake, muziingize."

"Mpigaji tunaye," nikasema.

Hilo ndilo wazo langu. Mjomba ameshakufa na ningeweza kumsingizia, lakini lilikuwa langu.

Tukamtumia yaya salamu aje Gitega kujaribu mashine mpya. Lori lilimwacha Mutaho kwa sababu askari walikuwa wameziba njia, akamalizia safari juu ya baiskeli ya abiria, ngoma zake mbili zimefungwa nyuma kwa mipira ya tairi. Aliingia uani vumbi tupu, akicheka. "Dogo yangu, sasa tunakuwa vedeti, mastaa?"

Tulikuwa tumetundika magodoro ukutani ili kuzuia sauti za nje. Nikamweka mbele ya mikro ya kurekodia. Nikamwomba apige pigo moja la kiganja. Halafu moja la vidole. Halafu la ukingoni, la katikati, la kuviringisha. Siku tatu nilimfanya apige pigo mojamoja, bila wimbo.

"Mbona hatupige muziki?" akaniuliza siku ya pili.

"Tunajaribu mikro kwanza, yaya."

Aliniamini. Tena alijitolea kuliko nilivyomwomba. Alikuwa akisikiliza pigo lake kwenye spika, anakunja uso. "Hii imekufa. Ngoja nikupe ingine ya uzima." Aliipasha ngozi joto juani, akarudi, akapiga tena. Pigo moja la katikati lilimlazimu kuinama sana, na nyonga ikamuuma. Pumzi yake ikaingia pamoja na pigo, kama mtu anayetua mzigo. Fundi alitaka lirudiwe. Nikamwambia aliache, lina uhai.

Siku ya nne tukampa nauli na kitenge cha kumpelekea mkewe. Akatushukuru.

Baada ya wiki chache mjomba akapata harusi kubwa Muyinga, kwenye familia moja ya wafanyabiashara Waislamu. Tulisafiri kompyuta ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi tatu. Hatukumwambia yaya. Mjomba alisema hana haja ya kumwambia, na mimi sikubisha. Lakini Muyinga ni mji mdogo. Sherehe ilianza mchana, watu wapate kurudi majumbani kabla ya saa ya kufungiana, askari wanapokataza kutembea. Sisi tukiwa bado tunaunganisha nyaya, yaya akaingia na ngoma zake, shati limepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi.

"Munanisahau?" akauliza kwa kicheko. "Mutu wa soko ananiambia bendi yangu iko hapa."

Mjomba hakumpa hata mkono. Alisema kwa sauti ya kusikiwa na wageni: "We ushaingia ndani ya mashine, bwana. Kazi yako ilikwisha Gitega. Rudi nyumbani ukapumzishe hiyo nyonga."

Watu wa mbele wakacheka. Walidhani ni mzaha wa wanamuziki.

Yaya akanitazama mimi. Nilijua ananingoja nicheke pia, halafu niseme keti, yaya, nafasi yako hii hapa. Nikainama, nikabonyeza.

Ngoma zikalia. Zake zote, kiganja na vidole, zimepangwa kwenye vijumba jinsi nilivyotaka mimi. Katika kila mzunguko ile pumzi ilisikika. Nilimwona anatambua. Aliinua mikono yake kidogo, akaiangalia, kama mtu aliyeibiwa anayejipapasa mifuko.

Wageni walicheza. Yaya hakuondoka. Alikaa kwenye kigogo mlangoni, akaweka ngoma katikati ya magoti, akaanza kutufuata. Sasa, yaya alikuwa na desturi ya kuwangoja wachezaji: bibi mzee akiingia uwanjani alipunguza mwendo, vijana wakiingia aliongeza. Siku ile bibi wa bwana harusi aliingia, na yaya akapunguza. Mashine haikupunguza. Midundo ikagongana, bibi akajikwaa.

Shangazi wa bibi harusi akamwendea, mama mwenye heshima zake. "Mzee, pole, lakini iko unatupoteza. Acha ile ya mashine ipige, yo inajua."

"Mama, ile ni miye," akasema yaya.

"Ego, ego," akajibu yule mama, ndiyo ndiyo ya Kirundi, kama anayembembeleza mlevi. "Lakini acha."

Mjomba akaniashiria kwa kidole nipandishe sauti. Nikapandisha. Mikono ya yaya iliendelea kwa muda, inaonekana lakini haisikiki. Kisha akasimama kwa shida, akajitwisha ngoma moja, nyingine akaishika kwapani, akatoka. Siku ile, kwa mara ya kwanza, mama mmoja alinifunga leso begani. Nilifurahi. Siwezi kudanganya, nilifurahi kabisa.

Asubuhi iliyofuata nikaenda kwake. Sijui nilitaka nini. Labda kusamehewa upesi, kabla ya gari kuondoka. Mkewe alikuwa anachekecha unga mlangoni. Hakunikaribisha.

"Munataka nini ingine?" akasema. "Mapigo yake munayo. Munakuja kukata mikono?"

"Mama, nimekuja kumsalimu tu."

"Ulilala mu kitanda changu," akasema, akaendelea kuchekecha.

Yaya akatoka ndani. Hakuonekana mwenye hasira, na hilo lilinisumbua zaidi. Akanivutia kiti, akakaa. Akasema amewaza usiku kucha. "Mi naona dunia inaenda kule. Donc unifundishe. Ile machine. Miye nitaketi, nitapanga vile vijumba. Mapigo ni yangu, najua kila moya inapenda kukaa wapi. Tutafanya wawili."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimepanga mapigo yake kama mtu anayepanga matofali. Yeye angeyapanga yakapumua. Nililiona hilo palepale, na nikaona pia kwamba akikaa mbele ya kile kioo mwezi mmoja, mimi nitarudi kwenye majora ya vitenge.

"Huwezi, yaya," nikasema. "Maandishi yote ni ya Kifaransa na Kiingereza. Wewe kusoma kwenyewe kunakushinda."

Mkewe aliacha kuchekecha. Yaya akasema polepole, "C'est vrai. Ni kweli."

Nilipanda gari la saa nne.

Miezi iliyofuata nilisikia anapeleka ndizi sokoni Gashoho kwa baiskeli ya kusukuma, maana kupanda hakuweza. Halafu nikasikia wamevuka kurudi Kongo, yeye na mkewe, wakati kule kwao bado watu walikuwa wanakimbia. Mfanyabiashara mmoja aliyetoka Uvira aliniambia alimwona sokoni. Mwingine akasema hapana, huyo ni mtu mwingine. Sikufuatilia.

Ile programu ilikuwa nzuri. Tulifanya nayo harusi nyingi, Gitega na Muyinga, na vita vilipotulia vijana wakaja Yoba kunakili mapigo yetu kwenye diski zao. Waliniuliza mpigaji ni nani. Niliwaambia ni mimi, na mpaka leo wapo wanaoamini hivyo.