Mwamuzi wa Santuri wa Iyunga na Sauti Iliyoacha Kuchelewa

Saa nane mchana, siku ya Jumamosi, mlango wa hoteli ya chai ya Lusia hapa Iyunga unatiwa komeo ilhali wateja wamo ndani. Hakuna anayenung'unika. Wanaume kumi na mmoja na wanawake watatu wanageuza viti vyao kuelekea ukutani, kila mmoja na kikombe chake mkononi, kama watoto wa shule waliopewa adhabu.

Katikati ya chumba anabaki Asukile Mwaipaja peke yake na gramafoni ya sanduku. Anachonga mwiba wa mgunga kwa wembe, anaupuliza, kisha anaupachika mahali pa sindano. Sindano za chuma hataki hata kuziona.

"Chuma kinalima santuri," anasema. "Mwiba unapita kwa adabu."

Anatia ufunguo mizunguko ishirini na minne, anashusha mkono wa mashine, na santuri mpya iliyofika juzi kutoka Nairobi inaanza kuimba. Mara ya kwanza hakuna ruhusa ya kusema. Mara ya pili watu wanafumba macho. Mara ya tatu ikiisha, viti vinageuzwa na maneno yanaanza.

"Mbaya," anasema Saulo, fundi cherehani, ambaye hajapata kukaa kimya pale ambapo angeweza kusema.

"Mbaya wapi?" anauliza Asukile.

"Mbaya tu. Ngoma inakimbia."

"Inakimbilia wapi? Nionyeshe mahali."

Saulo anakuna kidevu. "Ubeti wa pili. Akishataja jina la yule binti, ngoma inakimbia kama imeona askari."

"Hapo umesema," anajibu Asukile, na watu wanacheka.

Hiyo ndiyo sheria ya baraza hili, na Asukile ndiye aliyeiweka miaka kumi na mmoja iliyopita, aliporudi kutoka vitani Burma na ujuzi wa kutunza gramafoni aliojifunza huko. Ukisema wimbo ni mbaya bila kuonyesha mahali, umejisema mwenyewe. Wote wakishasema, yeye husema wa mwisho, sentensi moja tu. Sentensi hiyo haifutwi.

Kwa kazi hii, pamoja na kuosha vikombe na kupasua kuni, Lusia humlipa shilingi arobaini na tano kwa mwezi na chakula cha mchana. Ni malipo ya mpasua kuni. Lakini madereva wa malori wanaposhuka hapa kunywa chai huibeba sentensi yake kama mzigo mwingine, na hadi Iringa wenye maduka huwauliza kabla ya kuagiza santuri, "Iyunga wamesemaje?"

Sasa tuje kwenye ile santuri ambayo haichezwi.

Iko juu ya kabati la vikombe, imefungwa kwa kitambaa cha gunia la unga. Kwa wiki sita sasa hakuna mteja aliyeiomba, na Lusia, mwanamke asiyeogopa hata madereva walevi, huifuta vumbi kwa fagio la mkono mrefu.

Ni wimbo uitwao Kivuko. Ulirekodiwa mwaka 1955 huko Ubaruku, katika ghala la mpunga, na watu waliokuja na gari lililojaa mitambo. Kwenye karatasi yake pameandikwa "Marcelino na mwenzake", basi. Mwanamume anapiga gitaa na kuuliza, "Nani atanivusha?" Mwanamke anajibu, "Nipo hapa."

Ilipoletwa Iyunga, Februari ya mwaka jana, baraza liliisikiliza mara tatu kama kawaida. Kila mtu alisikia kosa. Mwanamke alikuwa anachelewa. Mwanamume aliuliza, gitaa likasubiri kidogo, likachoka, likaenda zake, ndipo mwanamke akajibu.

Asukile akatoa sentensi yake: "Gitaa limeshavuka mto, mwanamke bado anafunga kanga ukingoni."

Watu walicheka mpaka Saulo akamwaga chai. Dereva mmoja wa Iringa, Kalinga, aliiandika kwenye karatasi ya sigara asiisahau. Katika miezi miwili ilikuwa imefika Makambako, Iringa na kwingineko, na maduka yakarudisha santuri za Kivuko kwenye makasha yake.

"Niliipenda ile sentensi," anasema Asukile. Anasema polepole, akiangalia mikono yake. "Nisikufiche. Niliipenda kuliko wimbo."

Santuri ya Iyunga ilibaki kabatini, ikichezwa mara mojamoja kwa mgeni aliyetaka kucheka. Ndipo ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa tatu mwaka huu, mvua ikinyesha kutwa, dereva wa Tunduma akaiomba.

Asukile alishusha mwiba. Marcelino akauliza, "Nani atanivusha?" Na mwanamke akajibu pale pale, sawasawa na gitaa.

Dereva alisubiri kosa, hakuliona. Akauliza kama ameletewa santuri nyingine. Asukile akairudia. Mwanamke akajibu kwa wakati wake, beti zote tatu.

"Nilidhani ni masikio yangu," anasema. "Mtu wa vita, mizinga imepiga karibu. Nikamwita Saulo avuke barabara aje asikie. Sikumwambia kitu."

Saulo alikuja na futi yake shingoni. Alisikiliza, akakaa chini. Yeye ni mtu wa kutafuta sababu, na alizitafuta zote. Alisema huenda springi ya mashine imechoka. Kisha akajijibu mwenyewe: springi ikichoka, inachoka kwa wote wawili, haiwezi kumchelewesha mwanamume na kumwahisha mwanamke.

Tena palikuwa na alama. Saulo mwenyewe, mwaka uliopita, aliwahi kuidondoshea santuri hiyo mkasi, ukaacha mkwaruzo unaolia "tak" katika ubeti wa kwanza. Siku zote "tak" ilikuwa inalia kwanza, ndipo mwanamke ajibu. Sasa mwanamke alijibu kwanza, ndipo "tak".

"Mkwaruzo ni wangu, naujua," anasema Saulo. "Haujahama. Aliyehama ni yule mama."

Wakamtuma Kalinga Iringa akatafute nakala nyingine dukani. Aliileta imeviringishwa blanketi, mpya, haijapata kuguswa na sindano. Waliicheza kwa mashine ile ile, kwa mwiba ule ule. Humo mwanamke alichelewa kama zamani, gitaa limeshavuka. Wakairudisha ya Iyunga. Humo alijibu kabla Marcelino hajamaliza kuuliza.

Hapo ndipo baraza lilipogawanyika, na ugomvi wake haujaisha mpaka leo. Wapo wanaosema santuri haibadiliki, kinachobadilika ni sikio. Wapo wanaosema la kujadili si hilo, la kujadili ni kama uamuzi wa Iyunga bado una maana iwapo wimbo uliohukumiwa haupo tena. Mwalimu mmoja alisema jambo hilo halizungumziki, akalipa chai yake, na hajarudi.

Mara ya mwisho ilichezwa mwanzoni mwa Mei. Mwiba uligusa santuri, ukaanza ule mchakacho unaotangulia wimbo, gitaa halijapigwa, mtu hajauliza lolote. Ndani ya mchakacho huo mwanamke alisema, "Nipo hapa."

Mwandishi wa makala haya aliwauliza watu saba waliokuwapo, mmoja mmoja. Wote wamesema maneno hayo hayo. Lusia aliongeza kwamba sauti ilikuwa karibu. Alipoulizwa karibu na nini, aliendelea kukuna nazi.

Wiki mbili baadaye alishuka kwenye lori la mpunga mwanamume mwembamba, kofia mkononi. Asukile alikuwa nje anapasua kuni.

"Kamwene," alisalimu mgeni.

"Kamwene, kaka. Karibu."

"Wewe ndiyo Asukile wa santuri?"

"Ndiyo mimi."

"Mimi Marcelino. Natoka Ubaruku. Mke wangu alikuwa anakuulizia."

Asukile anasema shoka lilimwia zito, akaliegemeza. Hakuwa amejua kwamba "mwenzake" ni mke. Alimkaribisha ndani na kuuliza kama shemeji hajambo, kwa kuwa ndivyo mtu anavyouliza.

"Alifariki mwezi wa tatu," alisema Marcelino. "Homa ya mapafu. Apolonia, jina lake."

Mgeni hakuja kugombana. Alikunywa chai na kueleza taratibu, kama mtu anayeeleza njia. Sentensi ya Iyunga ilifika Ubaruku na madereva wa mpunga. Watoto wakaanza kumwita mkewe Funga Kanga. Akienda kuteka maji, wanawake wenzake walikuwa wakimwambia, "Tangulia mwenzetu, tusije tukakuacha." Ulikuwa utani, na alicheka nao. Lakini aliacha kuimba. Kwanza nyumbani, kisha kanisani, ambako alikuwa akianzisha nyimbo tangu alipokuwa msichana.

"Na siku ile ya kurekodi hakukosea yeye," alisema Marcelino. "Wale mabwana walisema sauti yake kubwa, itaharibu mashine. Wakamweka nje ya mlango wa ghala. Gitaa halisikiki vizuri. Wakamwambia, angalia mkono wa huyu bwana, akiushusha, imba. Basi yeye alikuwa anangoja mkono. Mkono ndiyo ulichelewa."

Asukile alimwuliza mgeni, Apolonia alikuwa akimwulizia nini.

"Alitaka kujua sauti yenyewe uliipenda, au hukuipenda."

Ukimwuliza Asukile leo, atakuambia bila kuzunguka: aliipenda. Katika santuri zaidi ya mia nne zilizopita mikononi mwake, hajasikia sauti ya mwanamke iliyosimama wima namna ile. Alilijua hilo siku ya kwanza, viti vikiwa bado vimeelekea ukutani. Hakulisema kwa sababu lingeiharibu sentensi.

"Sikio langu halikukosea," anasema. "Kosa lilikuwepo, na mahali pake nilipaonyesha. Ila nilimbebesha mtu ambaye kosa si lake. Na uzuri niliumeza, ili watu wacheke. Hilo ndilo linaloniuma. Linaniuma sana, bwana."

Marcelino aliomba jambo moja. Matanga ya Apolonia hayajamalizwa. Yalisogezwa hadi mpunga uvunwe, ndugu wapate kukusanyika, na siku yenyewe ni Jumamosi ijayo. Anataka Asukile aende na gramafoni yake, aucheze wimbo mbele ya watu wale wale waliomwita mkewe Funga Kanga, na aifute sentensi kwa kinywa chake.

Ombi hilo limewasha moto mezani kwa Lusia. Saulo, rafiki yake wa miaka yote, ndiye mpinzani mkubwa.

"Ukifuta moja umefuta zote," anamwambia mbele ya mwandishi. "Kesho kila mwimbaji atakuja hapa na msiba wake. Nani atauliza tena Iyunga wamesemaje?"

"Wasiulize."

"Na wewe utakuwa nani?"

"Mpasua kuni," anajibu Asukile. "Si ndiyo mshahara wangu unavyosema?"

Saulo hacheki. Anainamisha kichwa kuelekea kabatini na kushusha sauti. "Haya, nenda. Lakini hiyo usiibebe. Imeanza kujibu kabla ya kuulizwa. Ukiipeleka nyumbani kwake, kwenye uwanja wake, nani anajua itaishia wapi?"

Katika hilo wamekubaliana, ingawa kwa sababu mbalimbali. Asukile atachukua ile ya Iringa, ambamo Apolonia bado anachelewa. Mwandishi alimkumbusha kwamba watu wa Ubaruku watasikia kosa lile lile na huenda wakacheka tena, matangani kabisa.

Amelifikiria. Ameshawaambia Marcelino na mama mzazi wa Apolonia atakavyofanya, nao wameridhia. Kwanza atasimama aseme kwamba ile sentensi ilikuwa ya uongo na ni yake. Kisha ataeleza habari ya mlango wa ghala na ule mkono. Ndipo atashusha mwiba.

"Marcelino atauliza, nani atanivusha," anasema Asukile. "Akimaliza tu kuuliza, kabla gitaa halijaondoka, nitaweka kidole juu ya santuri. Itasimama. Gitaa halitavuka. Tutakaa kimya wote, wale waliomcheka na mimi niliyewafundisha kucheka. Apolonia atakapokuwa tayari, nitaondoa kidole."

Mwandishi anamwuliza atajuaje kwamba yuko tayari.

Asukile anaangalia gramafoni, kisha anamwangalia mwandishi, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Nitamsikia," anasema.