Kuku Kabla ya Chenjiova

Mama yangu hawezi kukaa bila mashine ya oksijeni, mashine haiwezi kukaa bila stima, na stima ya huku kwetu Nyamache ikiona mvua inatoroka. Sasa niambie mimi nilale vipi.

Ndugu yangu anayefanya kazi mjini Kisii alituletea jenereta. Tukaiweka nyuma ya zizi, maana moshi wake karibu na dirisha ungemmaliza Mama. Waya wa eksitensheni haukufika huko. Nikatafuta fundi wa kuiunganisha na boksi ya fyuzi kwa chenjiova, ile swichi inayochagua stima ya laini au ya jenereta ili zisikutane.

Fundi alikuja Ijumaa mchana, mtu wa adabu, Msabato kama sisi. Akalaza kebo kutoka zizini, akafunga chenjiova ukutani. Ilibaki kuunganisha nyaya tu. Hapo ndipo Mama akatoka chumbani, amevaa leso safi, hana mrija puani. Nikachungulia ndani. Alikuwa amezima mashine na kuifunika kitambaa cha maua!

"Mgeni aone nini?" akaninong'oneza. "Aone mgonjwa?"

"Mama, huyo si mgeni, ni fundi."

"Ameingia kwangu. Atakula."

Wacha we! Nikatumwa kukimbiza kuku kwenye migomba. Fundi akajaribu kujitetea: "Mama, wacha nimalize kwanza." Mama akamwambia kazi haikimbii. Kuku ndiye aliyekimbia, na mimi nyuma yake, nikisema peke yangu kama mwendawazimu. Ukapikwa ugali wa wimbi, zikachemshwa chinsaga, zile mboga chungu ambazo haziivi haraka hata ukizisihi. Fundi kila akiinua mkono kusema ameshiba, Mama anamwongezea. Nami nimesimama mlangoni nalitazama jua likiteremka, moyo unanichemka.

Fundi akatazama nje, akaruka kitini.

"Jua limezama, Sabato imeingia! Nitarudi Jumapili asubuhi, Mama. Televisheni itangoja kidogo."

Televisheni! Nikafungua mdomo, Mama akanitupia lile jicho la kanisani, na fundi akaenda zake. Nikamrudishia Mama mrija, nikawasha mashine.

Mvua ikanyesha. Stima ikapotea. Mashine ikalia piii, halafu kimya.

Nikampigia ndugu yangu. "Chukua waya, weka plagi pande zote mbili," akasema. "Moja kwa jenereta, nyingine kwa soketi ya ukutani. Watu wote hufanya hivyo." Nikamwambia basi watu wote ni wajinga, maana stima hiyo itarudi kwenye laini imuue mtu aliye juu ya nguzo akitutengenezea. Akasema najifanya najua sana. Nikamkatia simu.

Mama alikuwa ukingoni mwa kitanda, mabega yanapanda na kushuka, midomo imeanza kubadilika rangi.

"Namwita fundi."

"Usimvunjie mtu... Sabato."

"Mama, hata Yesu aliponya watu siku ya Sabato!"

Akavuta pumzi, akatafuta nyingine. "Hao... walikuwa wagonjwa."

"Na wewe ni nini?" Nilipiga kelele, Mungu anisamehe. Nilikuwa na hasira, na niliogopa kwamba atanifia mikononi kwa sababu ya kitambaa cha maua. Nikapiga simu, nikamweleza fundi kila kitu.

Alifika kwa boda, amelowa chapachapa. Akaiona mashine, akamwona Mama. "Mama, ungeniambia ni ya kupumulia," akasema, "ningekula baadaye."

Akaunganisha nyaya nikimmulikia kwa simu. Nikakimbia zizini, nikavuta kamba ya jenereta, ikakohoa, ikawaka. Fundi akageuza chenjiova. Niliporudi mashine ilikuwa inanguruma na Mama ana mrija puani. Tulikaa tukimtazama mpaka midomo ikarudi rangi yake.

Fundi akaanza kukusanya vifaa. Mama akauvuta mrija chini ili aongee vizuri.

"Asiende hivyo. Paja la kuku limebaki."

"Rudisha mrija!" Tulisema pamoja, mimi na fundi.

Akaurudisha. Nikapasha paja moto huku nikinung'unika, nikamwekea fundi kando ya kitanda. Mama akamtazama akila, mrija puani, mbele ya mgeni.